Zibibbo ya Pantelleria: nimevuna misimu mitatu hiyo divai mnayoiita maji ya mchele, ulizeni

#1 Mbeba Kreti
Wakuu, salaam.

Wiki iliyopita mtu kaweka humu picha ya glasi ya divai nyeupe yenye rangi ya chai ya tangawizi, mkamrukia wote: imeharibika, umepigwa, hayo maji ya kuoshea mchele. Nikanyamaza kwa sababu nilikuwa zamu. Leo niko mapumziko, na hiyo kitu nimeibeba begani, kwa hiyo acheni niielezee.

Naishi Trapani, Sicily, huu mwaka wa sita. Misimu mitatu ya Agosti nimepanda meli ya usiku kwenda Pantelleria kuvuna zabibu za aina ya zibibbo kwa familia moja: mzee, mkewe, binti yao na mkwe. Jina la shamba silitaji. Hawajaniruhusu, na wala hawajui kama nipo humu.

Pantelleria ni kisiwa cha volkano, kilomita za mraba 83, kipo kati ya Sicily na Tunisia, na Tunisia ndiyo jirani wa karibu zaidi, kama kilomita 70. Kwa ramani ni Italia, lakini Afrika iko upande wa magharibi. Mimi mtu wa Singida jioni nakaa juu ya jiwe jeusi Ulaya, jua linazama kwetu. Mara ya kwanza nilidhani nimechanganya dira.

Mwenye kisiwa ni upepo. Ukipandisha mzabibu kwenye nguzo na waya kama Dodoma, utaufuata Tunisia. Kwa hiyo kila mche unachimbiwa shimo la duara, pana kama karai. Mche unakaa ndani, shina chini ya usawa wa ardhi, na unapogolewa mpaka ubaki na matawi sita yanayolala kila upande kama vidole vya mkono uliofunguliwa. Shimo linaukinga na upepo na kuhifadhi unyevu kidogo unaopatikana. Halafu halichimbwi mara moja ukasahau: linarudiwa kwa jembe kila mwaka. Trekta haliingii, kote ni matuta yaliyozungushiwa kuta za mawe meusi yaliyopangwa bila saruji. Mwaka 2014 UNESCO waliingiza namna hiyo ya kupanda kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika.

Mzabibu wenyewe haunifikii magotini. Maana yake unavuna umepiga magoti, au umeinama mpaka mgongo unasahau kunyooka. Unainua majani, kichala kimejificha chini, kimelala karibu ardhini, kina vumbi jeusi. Punje kubwa, njano inayoelekea dhahabu, ganda nene. Ukiing'ata inanukia waridi na ua la mchungwa, na ndivyo divai yake itakavyonukia. Zabibu nyingi hazina tabia hiyo, divai yake hainukii zabibu. Hii inanukia.

Sasa pishini, yaani chumba cha kutengenezea divai. Punje zinatolewa kwenye vikonyo, zinatiwa kwenye mitungi ya udongo pamoja na maganda. Hamira ya pakiti haiwekwi, inatumika chachu inayokuja na zabibu yenyewe toka shambani. Sukari hapana, tindikali hapana. Maganda yanalowana humo majuma kadhaa, ndiyo yanatoa ile rangi ya tangawizi na ule ukakasi kama wa chai ya rangi. Ikitulia inakamuliwa, inatiwa kwenye chupa bila kuchujwa. Salfaiti, ile dawa ya kuzuia divai isiharibike, kidogo sana, tena mwishoni.

Ndiyo hiyo mliyoiita maji ya mchele. Karibuni kwa maswali.

#2 Tajiri Hewa
Kwa hiyo wanatia zabibu kwenye mtungi, wanaenda kulala, wanarudi wanakuuzia chupa euro 30? Bibi yangu Kibosho anafanya hivyo hivyo na mbege miaka yote na hajawahi kuitwa UNESCO.

#3 Mbeba Kreti
Muulize bibi kama wiki ya mbege huwa analala.

Nikupe kisa. Msimu wangu wa kwanza, tarehe kama 25 Agosti, joto la kuchemsha yai. Nilibeba kreti toka tuta la juu, nikazishusha kivulini, nikaitwa kusaidia kufunga pampu ya maji. Kivuli kikahama, mimi nikasahau. Kreti nane zikakaa juani toka saa tano mpaka saa nane. Nikaona punje chache zimepasuka, nyuki wanatembea juu yake, nikajisemea si kitu, nikazipeleka pishini pamoja na nyingine.

Binti wa mzee kila asubuhi anapita mitungi yote kumi na moja. Anafungua kifuniko, anaingiza pua, anafunga. Hana mashine, hana daftari. Siku ya nne akarudi kwenye mtungi wa saba mara mbili. Akaniita: nusa. Nikanusa, ikanipiga harufu ya dawa ya kutolea rangi kucha. Alijua ni kreti zipi, maana kila mtungi wanajua uliingia kutoka tuta gani. Hakunifokea, ambayo ilikuwa mbaya zaidi. Mtungi wote ulikwenda kuwa siki.

Kwenye kiwanda cha kawaida, kreti zangu nane zisingekuwa habari. Wangetia salfaiti kuua vijidudu, wakatia hamira ya pakiti, wakachuja, maisha yakaendelea. Hapa hamna pa kujificha. Usipotaka kuirekebisha divai pishini, inabidi kila punje iingie ikiwa safi, na hiyo ni kazi ya vidole. Kichala kikiwa na punje tano zilizooza, punje tano zinatolewa moja moja kwa ncha ya mkasi. Euro 30 ni mgongo wangu huo, tena mgongo wenyewe sikulipwa vizuri sana.

#4 Shangani77
Assalaam alaykum. Mie sinywi na wala sitakunywa, lakini nimesoma mpaka mwisho kwa sababu ya hilo jina. Zibibbo! Hiyo si zabibu yetu hii hii? Kiarabu zabib ni zabibu kavu. Sisi tumeipokea kwa upande wetu wa bahari, wao kwa wao, wakaizidishia b moja ya Kitaliano.

Waarabu waliingia Sicily mwaka 827 wakatawala zaidi ya karne mbili, kwa hiyo si ajabu. Zafarani yetu kwao ni zafferano. Limau ni limone. Marsala, mji wenye divai maarufu, watu wa lugha wanasema mwanzo wake ni marsa, yaani bandari. Kaka, hebu tuandikie majina ya vijiji vya huko kisiwani.

#5 Mbeba Kreti
Waalaykum salaam. Yapo: Khamma, Gadir, Bukkuram, Rekhale, Bugeber, Mursia. Nilipoona kibao cha kwanza barabarani nilidhani nimeshuka meli isiyo yangu. Wenyewe wanapenda kusema hata jina la kisiwa linatokana na maneno ya Kiarabu ya binti wa upepo. Kama ni kweli au ni hadithi ya kuwapendeza watalii, wewe ndiye mtaalamu.

#6 Shangani77
Bint al-riyah hiyo. Ni nzuri mno, na mie vitu vizuri mno huwa navitilia shaka. Lakini Gadir iko wazi: ghadiri ni dimbwi la maji. Kuna maji hapo?

#7 Mbeba Kreti
Kuna bandari ndogo yenye mabirika ya mawe yanayotoka maji ya moto ya volkano. Ndipo tulipokuwa tunaloweka migongo Jumapili.

#8 Shangani77
Basi nimeshiba. Na jambo jingine kwa wanaobishana humu kila siku kipi ni sahihi: mvinyo umetoka kwa Mreno, vinho. Divai imetoka kwa Mfaransa, du vin. Vyote vya wageni, msigombane.

#9 Mkulima Veyula
Mkuu Mbeba Kreti, heshima yako. Nina ekari mbili za zabibu hapa Dodoma, nyekundu nyingi, na nyeupe kidogo ya Chenin. Nina maswali ya kazi, si ya mapambo.

Moja, hao watu wanapuliza nini? Maana bila dawa mimi magonjwa ya majani, ubwiri unga na ubwiri vinyoya, vinanimaliza. Mbili, hilo neno hai, ogani, nani anawakagua? Tatu, wanavuna mara ngapi kwa mwaka? Sisi mara mbili, na mara zote mbili tunahangaika na mnunuzi, zabibu inaiva haikusubiri, unauza bei anayotaka yeye.

#10 Mbeba Kreti
Mkulima, haya ndiyo maswali.

Wanavuna mara moja tu. Kule baridi inaulaza mzabibu, unapukutisha majani yote, na mvua nyingi inanyesha wakati huo umelala. Ukiamka kunakauka, upepo unapiga muda wote, majani hayakai na maji. Nusu ya dawa yao ni huo upepo. Nyie mvua inawakuta mzabibu una majani na matunda, na huo ndio ugomvi wenu na ubwiri. Usijilinganishe nao ukajiona mzembe.

Wanachopuliza ni salfa ya unga, hii hii wanayopulizia mikorosho kusini kwetu. Inaruhusiwa kwenye kilimo hai. Shaba nayo inaruhusiwa kwa ajili ya ubwiri vinyoya, ila kwa kipimo: sheria ya Umoja wa Ulaya inasema isizidi kilo 28 kwa hekta ndani ya miaka 7. Shaba haiozi, inabaki kwenye udongo. Watu wakisikia "hai" wanadhani hakuna kinachopulizwa. Kinapulizwa.

Ukaguzi: kuna taasisi zilizosajiliwa, zinakuja shambani, zinasoma daftari zako, zinachukua sampuli. Mizabibu inapita miaka 3 ya mpito kabla hujaruhusiwa kuweka lile jani la kijani la nyota, alama ya Ulaya ya kilimo hai, kwenye chupa. Mpaka 2012 jani hilo lilikuwa la zabibu tu, kanuni za pishini zilikuja mwaka huo. Kwa divai nyeupe kavu ya kawaida salfaiti mwisho miligramu 200 kwa lita, kwa iliyo hai mwisho 150. Mnaona pengo si kubwa kivile. Familia ninayoisema wako chini mno ya hapo, lakini hiyo ni hiari yao, hakuna anayewalazimisha. Na lile neno "divai ya asili" halina sheria ya Umoja wa Ulaya nyuma yake. Mtu yeyote anaweza kulisema mdomoni.

Suala la mnunuzi: hawa walitoka huko huko. Mzee aliniambia baba yake alikuwa anauza zabibu kwa kilo. Siku walipoanza kujaza chupa wenyewe ndipo bei ikawa yao. Lakini kwanza walikaa miaka mingi bila kulala vizuri, hilo nalo aliniambia.

#11 Kijana wa Nyali
Nimevuta kiti. Mimi niko hotelini Mombasa, upande wa vinywaji. Mwaka juzi tuliletewa kasha la divai nyeupe ya aina hiyo, ya kusini mwa Italia. Mgeni akaonja, akasema tamu, akamimina, akanywa funda la pili, akakunja uso: ina panya. Meneja akanijia juu kama nimemtumbukiza mimi. Nilinusa ile glasi nusu saa nzima, sikusikia panya wala paka. Kaka, yule mgeni alinionea ama alisema kweli?

#12 Mbeba Kreti
Alisema kweli, na wewe hukukosea. Huo ugonjwa upo, Waitaliano wanauita hivyo hivyo, harufu ya panya. Hausikiki puani kwa sababu divai ina uchachu, na huo uchachu unaifunga ile harufu isiruke. Ukimeza, mate yanapunguza uchachu, ndipo inapofunguka nyuma ya ulimi: kizimba cha panya, au bisi zilizolala. Inachukua sekunde kadhaa. Tena kuna watu hawaisikii kabisa. Siku nyingine paka matone mgongoni mwa mkono, sugua, subiri kidogo, nusa. Ngozi inafanya kazi ile ile ya mate.

Inazipata zaidi divai zisizo na salfaiti. Hakuna dawa ukiwa mezani, badilisha chupa.

Ule ukungu unaoifanya divai ifanane na maji ya mchele si ugonjwa. Ni mabaki ya chachu na nyama ya tunda, kwa sababu haikuchujwa. Rangi ya tangawizi kwenye divai iliyolowana na maganda si ugonjwa. Uogope dawa ya kucha, panya, na kahawia ya tufaha lililokatwa jana kwenye divai ambayo mwenzake wa kasha moja ni ya dhahabu.

Na msiigandishe kwenye friji kama soda! Nyuzi 11 au 12 zinatosha. Ikiwa barafu inabaki ukakasi tu, waridi lote linalala.

#13 Dada wa Torino
Mimi nipingane na mleta uzi kidogo. Nimefanya kazi baa ya divai hapa Torino miaka minne. Asilimia si ndogo ya hizi "hatukuigusa" ni uzembe uliopigwa lebo nzuri yenye mchoro wa mtoto. Siki kabisa, na muuzaji anakwambia ndivyo udongo unavyoongea. Udongo hauongei, ni pipa halikuoshwa. Kwa pesa yangu mimi nanunua Fiano di Avellino, divai nyeupe ya mkulima mdogo wa Irpinia, kusini mwa Italia, safi, imetulia, inakaa miaka. Imepata DOCG, daraja la juu la divai za Italia, toka 2003 na haihitaji kunieleza habari ya mababu.

#14 Mbeba Kreti
Dada, sikupingi. Nimeonja hizo za mtoto aliyechora. Fiano nayo naipenda, na huko Irpinia wapo wadogo wanaotumia chachu ya asili bila kupiga kelele. Ninachokataa ni kuweka zote kapu moja. Kisiwani kuna divai ya Serragghia ya Gabrio Bini, mitungi yake imezikwa ardhini, jua na mvua vinapita juu. Na wapo watoto wa Marco De Bartoli. Huyo marehemu, amefariki 2011, alikuwa wa Marsala, alikuwa pia dereva wa mashindano ya magari, na 1984 akaanza kutengeneza Bukkuram, ile divai tamu ya zabibu zilizoanikwa juani. Leo watoto wake wana divai kavu ya zibibbo wanaiita Integer: chachu ya asili, maganda ndani, haichujwi. Onja hiyo kisha uje tugombane vizuri.

#15 Dada wa Torino
Integer nimeonja. Hiyo nakuachia. Nyingine tutagombana.

#16 Mama Ashura Jikoni
Wanangu mnaongea mpaka mnasahau kula. Hiyo kitu inaliwa na nini?

#17 Mbeba Kreti
Shikamoo mama. Mchana shambani ilikuwa saladi ya kwao: viazi vya kuchemsha, nyanya, kitunguu chekundu, zeituni, na kapari. Kapari ni vitumba vya maua ya kichaka kinachoota kwenye zile kuta za mawe, vinachumwa kabla havijafunguka, vinatiwa chumvi ya mawe. Mke wa mzee alikuwa anavichuma alfajiri kabla ya jua kuvifungua, anarudi aproni imejaa. Jioni kuskusi wa samaki, kama upande wa Tunisia. Divai yenye maganda inahimili chakula chenye viungo kuliko nyeupe za kawaida. Niliwahi kuijaribu na samaki wa kupaka niliyempika mwenyewe Trapani, tui la kopo, pilipili ndogo mbili. Ilikaa. Mwenzangu Msicilia alilamba sahani.

#18 Mama Ashura Jikoni
Marahaba. Tui la kopo nakusamehe kwa sababu ya ugenini.

#19 Tajiri Hewa
Nimemuuliza bibi. Anasema wiki ya mbege halali, na aliyekwambia analala ni nani. Kanifokea kwenye simu kwa ajili yako. Sasa swali la kweli: nikitaka chupa moja Dar unaituma?

#20 Mbeba Kreti
Msalimie bibi, mwambie nipo upande wake.

Kutuma situmi. Nilibeba chupa mbili Desemba moja kwa mjomba wangu wa Tabata. Kutoka uwanja wa ndege tukapitia Kariakoo kununua mchele, begi likabaki nyuma ya gari saa mbili na nusu, mnaijua Dar ya Desemba. Tunafika nyumbani, kizibo cha moja kimesukumwa nje nusu, nguo zangu zote zinanuka. Ya pili haikuvuja lakini ilishapikwa, ladha ya jamu iliyoungua. Mjomba akainywa yote kwa heshima, akaniambia mwanangu, mwakani niletee viatu. Divai yenye salfaiti nyingi inavumilia safari ya hovyo. Hii haivumilii. Ukitaka, njoo Trapani, meli ya usiku nakulipia.

#21 Mkulima Veyula
Nimerudi. Nimeusoma uzi huu kwa mama watoto, naye anauliza kuhusu yale mashimo. Hapa kwetu baada ya mvua kuisha Mei, upepo unaanza, unakausha udongo mpaka unapasuka. Nikichimbia mizabibu michache shimo la karai kama wanavyofanya hao, itasaidia ule mvuno wa kiangazi?

#22 Mbeba Kreti
Mkuu, miche yako ipo kwenye waya na shina tayari limepanda, usije ukaanza kufukua shina la zamani, utakata mizizi ya juu. Unachoweza ni kuchonga bonde la duara kuzunguka shina, kina cha kiganja kimoja, lilale kama sahani, udongo uliotoa uuweke upande unaotoka upepo. Weka majani makavu ndani. Na kabla mvua ya Desemba haijaanza ulisawazishe, usisahau hilo, maana maji yakituama hapo ubwiri vinyoya utakupa pole. Wale wa kisiwani udongo wao ni mawe ya volkano, maji yanapita kama kwenye chujio. Wako ukoje?

#23 Mkulima Veyula
Mwekundu, kichanga juu, chini mgumu kama sakafu.

#24 Mbeba Kreti
Basi jaribu kwa mitano tu, upande wa juu wa shamba ambako maji hayakai. Mitano mingine jirani iache kama ilivyo upime tofauti. Usichimbe mstari mzima.

#25 Mkulima Veyula
Mama watoto anasema kumi. Tumekubaliana saba.